Pasi iliisha, pasipoti ikafuata, na mume wangu ni Mkenya: naweza kuomba uraia?

"Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu ni Bukavu, Kongo. Niliingia Kenya 2011 na pasipoti, nikapigwa mhuri vizuri. 2015 tukafunga ndoa ya serikali na bwanangu ambaye ni Mkenya, cheti tuko nacho. 2016 nikatengeneza pasipoti mpya, bwanangu akaniombea pasi ya tegemezi na nikapata ile kadi ya wageni. Pasi iliisha 2020 wakati wa korona, pasipoti nayo ikaisha 2021, pesa hatukuwa nazo na tangu hapo sijarudi Nyayo House kwa ofisi ya imigresheni. Tunaishi Umoja, nauza vitenge. Sasa nataka uraia lakini kila mtu ananiambia kitu tofauti. Mmoja anasema miaka 14 ni mingi, mimi tayari ni Mkenya. Mwingine anasema nijiandikishe kama mkimbizi ndio nipate karatasi haraka. Kuna broka mjini anataka elfu sitini anitolee kitambulisho kama mtu wa Taita. Shemeji naye anasema nikikanyaga Nyayo House na pasipoti iliyokufa nitashikwa nipelekwe mpakani niache watoto. Silali. Nifanye nini?"

Dada yangu, pole sana. Wacha nianze na hiyo ya shemeji kwa sababu ndio imekufunga miguu. Hofu yake si ya bure, lakini amechanganya vitu viwili. Pasipoti kuisha ni jambo moja, kukaa nchini bila pasi halali ni jambo lingine kabisa. Pasipoti ni ya Kongo, ikiisha unairudisha kwa Kongo wakupe ingine, na hakuna mahali kwenye Katiba ya Kenya wala kwenye ile Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 pameandikwa ati mtu akiwa na pasipoti iliyoisha hawezi kuwa raia. Pasi ya tegemezi ndio ilikuwa ruhusa ya Kenya. Hiyo iliisha 2020, kwa hivyo kisheria umekuwa hapa bila ruhusa tangu siku hiyo, hata kama ungekuwa na pasipoti mpya kabisa kwa mkoba. Hapo ndio kuna kazi. Kukaa bila ruhusa ni kosa, na kifungu cha 53 cha hiyo sheria kinataja faini isiyozidi shilingi 500,000 au jela isiyozidi miaka 3, au vyote viwili. Hicho ni kiwango cha juu, si kila mtu anapewa hivyo, lakini nataka ujue uzito wake ndio uelewe kwa nini nitasisitiza hatua gani ianze na gani ifuate.

Sasa uraia wenyewe. Mtu ambaye hakuzaliwa raia anaingia kwa kuandikishwa, na kifungu cha 15 cha Katiba ya 2010 kimefungua milango michache tu. Kuna wa ndoa, uwe umeolewa na raia kwa miaka isiyopungua 7. Kuna wa ukaazi, uwe umeishi hapa kihalali miaka 7 mfululizo. Na kuna wa mtoto mgeni aliyeasiliwa na raia. Huyo anayekuambia miaka 14 imeshakufanya Mkenya alisikia habari ya ukaazi akaishika nusu. Hakuna uraia unaokuja wenyewe kwa kuhesabu miaka, lazima uombe, ukubaliwe, upewe cheti. Na miaka inayohesabiwa ni ile ya kihalali, tena sheria inataka ile miezi 12 ya mwisho kabla ya ombi uwe uko hapa na ruhusa, na wewe huna tangu 2020. Mlango wa ukaazi saa hii umefungwa kwako, usipoteze hata nauli kuufuata.

Mlango wa ndoa ni tofauti, na hata akina mama wenye wameolewa hapa miaka mingi hawajui tofauti yake. Hapo kinachohesabiwa ni umri wa ndoa. Mlifunga 2015, miaka 7 ikatimia 2022. Kifungu cha 11 cha ile sheria ya 2011 kinataka ndoa iwe imefungwa kwa utaratibu unaotambulika Kenya, isiwe ilifungwa kwa ajili ya kutafutia mtu karatasi za uhamiaji, muwe mnaishi pamoja wakati wa kuomba, usiwe umewahi kuhukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi, na usiwe umewahi kufukuzwa nchini au kutangazwa mhamiaji aliyepigwa marufuku. Hiyo ya mwisho isome mara mbili. Pasipoti iliyoisha haimo kwa hayo masharti. Kufukuzwa kumo. Kwa hivyo kitu cha kulinda kwa nguvu zako zote ni usije ukaandikiwa amri ya kufukuzwa, na njia ya kulinda hiyo ni kwenda mwenyewe ukanyooshe hali yako, ukiwa umejiandaa, kabla msako haujakupata sokoni na bidhaa zako mkononi na huna hata mtu wa kumpigia simu.

Lakini usisome hiyo ukakimbia kesho asubuhi na fomu ya uraia. Sheria haijataja pasipoti kwa masharti ya kifungu cha 11, ila utaratibu wa kuomba unaitaka, na kuna sababu ya maana. Ofisa anayepokea ombi lako anataka kujua mambo matatu: wewe ni nani hasa, wewe ni raia wa wapi saa hii, na uliingiaje na kuishi hapa vipi. Pasipoti inajibu yote matatu kwa kijitabu kimoja. Ikiwa imeisha bado inajibu la kwanza na la tatu vizuri sana, jina lako halijabadilika na mihuri haijafutika. Inakwama kwa la pili, kwa sababu nchi yako haijathibitisha tangu 2021 kwamba bado inakutambua kama mtu wake. Ndio maana maombi yanayowekwa na pasipoti iliyokufa peke yake yanakaa tu kwa faili, si ati yamekataliwa, yanasubiri karatasi ambayo hakuna mtu anaileta. Na kuna ingine ndogo ambayo watu hugundua wakiwa wamechelewa, kwamba karatasi zingine zote zinaegemea pasipoti hiyo hiyo au kadi ya wageni iliyo hai: akaunti ya eCitizen ya huduma za serikali mtandaoni, cheti cha tabia njema cha DCI, ile idara ya upelelezi, pasi mpya ya tegemezi. Bila hiyo unagonga ukuta kila ofisi.

Kwa hivyo ya kwanza ni pasipoti. Kabla hujaipeleka popote, toa kopi ya kila ukurasa, hata zile tupu, na uzipige picha pia uzitume kwa barua pepe yako na ya bwanako. Umesema ulitengeneza ingine 2016, maana yake mhuri wa 2011 uko kwa kile kitabu cha kwanza. Kitafute. Kama kiko kwa sanduku la mama mkwe huko ushago, kiletwe. Kile kitabu ndio ushahidi wako kwamba hukuvuka mpaka kwa njia za panya, na huo ushahidi hauna mwenzake. Ubalozini ukipewa pasipoti mpya waombe wakurudishie zile za zamani zikiwa zimekatwa kona au kupigwa mhuri wa kufutwa, usikubali ziachwe huko bila kuuliza.

Ubalozi wa Kongo hapa Nairobi ndio pa kuanzia. Najua watu wengi wa kwenu waliacha kurinyuu kwa sababu ya ile bei ya dola 185, na kwa kweli ilikuwa inaumiza, lakini ilishushwa baadaye, kwa hivyo usibaki nyumbani kwa sababu ya bei ya zamani. Uliza ubalozini bei ya sasa, uliza kama wanachukua alama za vidole hapa hapa, na uliza wanataka karatasi gani za kuthibitisha uraia. Hiyo ya karatasi iulize kabla hujatuma pesa kwa ndugu akutafutie cheti cha kuzaliwa kule nyumbani, kwa sababu Bukavu ilitekwa na waasi wa M23 Februari 2025 na ubalozi unafanya kazi chini ya Kinshasa, sasa fikiria umelipa mtu wiki nzima kupanga foleni halafu karatasi inaulizwa maswali. Pasipoti zako mbili za zamani zina nguvu kuliko unavyodhani kwa jambo hili. Kama bado uko na kadi ya kura ya Kongo au cheti cha ubatizo, beba. Wakikuambia pasipoti itachelewa wakakupa lesepase, ichukue kama inakusaidia kusafiri, lakini usijenge ombi la uraia juu yake, ile ni ya safari na ina muda mfupi. Cha maana zaidi wakati unasubiri ni risiti ya malipo na barua ya ubalozi inayosema wewe ni Mkongo na ombi lako la pasipoti liko njiani. Hizo mbili ndio zitakusindikiza kwa hatua inayofuata.

Hatua inayofuata ni Nyayo House, na hapa nitakuambia ukweli hata ule haufurahishi. Pasi ya tegemezi anaiomba bwanako, yeye ndio anakudhamini, na inaombwa mtandaoni kwa ule mfumo wa wageni wa imigresheni. Yeye aandike barua ya kueleza, bila kuongeza chumvi: tulifunga ndoa lini, pasi iliisha lini, kwa nini haikurudiwa, tumefanya nini mpaka sasa kurekebisha. Mambatanisho ni cheti cha ndoa, kitambulisho chake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kopi za pasi zote za nyuma, na kadi yako ya wageni hata kama imeisha. Tafuta pia namba ya faili yako ya zamani, huwa iko kwa barua au risiti za pasi ya kwanza, kwa sababu wewe si mtu mgeni kwa ile ofisi, wanakujua, uko kwa mfumo wao tangu zamani na hiyo ni faida yako kubwa. Mtu aliyeingia kihalali, akaandikishwa, akalegea akiwa ameolewa na raia na ana watoto raia, si sawa na mtu ambaye hana mhuri hata mmoja.

Ofisa anaweza kufanya nini? Anaweza kukubali ombi na kudai malipo ya ule muda uliopitiliza. Anaweza kutaka upewe pasi ya muda mfupi huku ombi linaangaliwa. Anaweza kukuambia utoke nchini kwanza na ombi lifanywe ukiwa nje. Na ndio, ana mamlaka ya kukuchukulia hatua ya kosa la kukaa bila ruhusa. Hakuna sheria inayosema mtu akijileta mwenyewe anasamehewa, na yeyote anayekuahidi hivyo anakudanganya. Lakini ukiniuliza lipi ni afadhali, kujileta mwenyewe na bwanako, na loya, na risiti ya pasipoti mpya, au kungoja ushikwe kwa msako, sitasita hata kidogo. Wa kwanza anaonekana ni mtu anatafuta kutii sheria. Wa pili anaanza kujieleza akiwa seli.

Kuna watu watakuambia njia ya mkato, panda basi mpaka Busia, toka, urudi siku hiyo hiyo upigwe mhuri mpya, si Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Tafadhali usifanye bila ushauri. Ofisa wa mpakani anaona kwa kompyuta siku ambazo pasi yako ilipitiliza, na anaweza kukuzuia pale pale mbali na watoto na mbali na loya. Hata ukipita, utakachopewa ni ruhusa ya mgeni anayetembea tu, Jumuiya haijamfanya mtu mkaazi. Kuna kesi chache kutoka na kuingia upya ndio suluhisho safi, lakini hizo zinapangwa kwa karatasi kabla ya safari.

Nigusie pia vitenge vyako. Pasi ya tegemezi inakuruhusu kuishi, haikuruhusu kufanya kazi wala biashara. Wengi hawajui, na huwa wanasema wenyewe kwa intavyuu kwa roho safi kabisa ati wanafanya biashara kusaidia nyumba. Sikuambii udanganye ofisa, usithubutu, uongo kwa faili ya uraia unakaa miaka na unaweza kukurudia. Nakuambia hilo jambo ulizungumze na loya kabla ya siku ya kwanza kwenda Nyayo House, ajue, akushauri biashara ikae kwa jina la nani na saa hii ifanyweje.

Sasa nataka nikupunguzie mwendo kidogo nikuulize swali ambalo hukuniuliza. Una uhakika ni uraia unataka, au unataka kukaa na familia yako bila hofu? Kwa sababu hayo yanaweza kuwa na majibu tofauti. Katiba ya Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili, upande wa huku si tatizo. Tatizo ni kwenu. Katiba ya Kongo, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine, na sheria yao ya uraia ya 2004 inasema Mkongo akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari anapoteza wa Kongo. Ndio, unajua watu wenye pasipoti mbili kwa droo, hata mimi najua, lakini kujua watu hakubadilishi sheria. Na athari yake si ya karatasi tu. Kwa Kongo ardhi ni ya serikali na ile haki ya kudumu ya kuitumia inapewa raia peke yao, mgeni anapewa ya muda. Kama baba yako aliacha kiwanja Bukavu na unategemea siku moja kugawana na ndugu zako, lazima ujue unaingia kwa huo mgao ukiwa nani. Sheria yao ina njia ya kuurudisha uraia uliopotea, ila ni safari ingine ndefu.

Ndio maana nakutajia ukaazi wa kudumu, ambao watu huuruka kama haupo. Kifungu cha 37 cha sheria ya 2011 kinaruhusu mke au mume wa raia wa Kenya, akishakaa kwa ndoa miaka 3, aombe ukaazi wa kudumu. Wewe miaka hiyo umeipita zamani. Ukipewa unaishi hapa, unafanya kazi na biashara yako ya vitenge mchana kweupe, na hurudi kila baada ya muda kupanga foleni ya pasi, na bado ni Mkongo na haki zako za huko. Unachokosa ni kura, pasipoti ya Kenya, na ardhi ya umiliki wa moja kwa moja, kwa sababu kifungu cha 65 cha Katiba yetu kinampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99. Kwa mama ambaye maisha yake yote iko hapa na hana la kurudia kwao, uraia una maana sana, ningeufuata. Kwa mwenye mizizi bado imeshika huko, ningemwambia aanze na ukaazi wa kudumu, uraia hautakimbia, miaka ya ndoa inaendelea kuongezeka tu. Wewe ndio unajua uko wapi. Kaa na bwanako muongee hiyo usiku mmoja TV ikiwa imezimwa. Na njia zote mbili zinaanza mahali pamoja, pasipoti hai na pasi hai, kwa hivyo hakuna kitu kitapotea ukianza leo kabla hujaamua.

Mkichagua uraia, bwanako atakuwa ndani ya hiyo safari kama wewe. Mtaitwa, mnaweza kuulizwa maswali pamoja na kila mmoja peke yake, na shabaha ni kujua kama ndoa ni ya kweli na mnaishi pamoja kweli. Wenye wanaishi pamoja hawahitaji kukariri kitu. Bebeni picha za miaka tofauti, mkataba wa nyumba wenye majina yenu kama upo, barua za shule za watoto. Kagua majina: kama pasipoti inasema jina moja, cheti cha ndoa kina lingine, na cheti cha mtoto kimeandikwa kwa tahajia ya Kifaransa, rekebisha hiyo mapema kwa hati ya kiapo, maana herufi moja inaweza kusimamisha faili miezi. Ukikubaliwa utakula kiapo cha utiifu, upewe cheti cha kuandikishwa, halafu hicho cheti ndio unaenda nacho kuomba kitambulisho. Na uraia huo hautanyang'anywa ati kwa sababu ndoa imevunjika baadaye, kifungu cha 13 cha Katiba kimesema wazi uraia haupotei kwa ndoa wala kwa talaka.

Huyo broka wa elfu sitini, mkimbie. Simaanishi kwa sababu atakula pesa yako, ingawa labda atakula. Shida kubwa ni akifaulu. Ukishapigwa picha na alama za vidole kama mzaliwa wa Taita, umejiandika mwenyewe kwa rekodi ya serikali kama mtu ambaye siye, na alama zako zile zile ziko kwa kadi ya wageni yenye jina lako la Kikongo. Siku mifumo hiyo miwili inapoongea, ile ndoa yako safi ya 2015, ambayo ndio silaha yako ya pekee, itaanza kutiliwa shaka. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa hata miaka mingi baadaye, kifungu cha 17 cha Katiba. Wewe uko na haki ya kweli mkononi, usiibadilishe na ya bandia.

Na ukimbizi pia si njia ya mkato. Hadhi ya mkimbizi ni ya mtu aliyekimbia hatari na hawezi kurudi chini ya ulinzi wa nchi yake. Wewe uliingia kwa pasipoti, na unataka kwenda ubalozini kuirinyuu, hayo mawili hayaendi pamoja, kwa sababu kwa Mkataba wa 1951 mtu anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi. Lakini hapa nisimame kidogo. Kama kuna jambo hukuandika kwa swali lako, kama kuna mtu au kikundi huko unakiogopa kweli, au kama uliwahi kujiandikisha kama mkimbizi zamani na hukutaja, basi usikanyage ubalozi kabla hujaongea na loya wa wakimbizi, kwa sababu ushauri wangu wote wa pasipoti unageuka. Refugee Consortium of Kenya na Kituo cha Sheria wanafanya hizo kesi.

Watoto wako, tulia kabisa. Baba yao ni raia, kwa hivyo wao ni raia kwa kuzaliwa chini ya kifungu cha 14 cha Katiba, na karatasi zako haziwagusi. Hakikisha tu vyeti vyao vya kuzaliwa viko na jina la baba sawasawa.

Mambo yafuatayo usiyafanye peke yako na simu: siku ya kwanza ya kurudi Nyayo House baada ya miaka yote hii, kama ulishawahi kushikwa au kupewa notisi ya kuondoka, na kama jina lako liko tofauti kwenye karatasi zako. Hapo tafuta loya wa uhamiaji ana kwa ana, na kabla hujalipa hakikisha jina lake liko kwa orodha ya mawakili ya LSK, chama cha mawakili wa Kenya, maana pale nje ya Nyayo House kila mtu ni loya. Pesa ikiwa shida, Kituo cha Sheria wanasaidia wasiojiweza, na FIDA, chama cha mawakili wanawake, wanasaidia akina mama. Na ukishikwa kabla hujafika huko, uko na haki chini ya kifungu cha 49 cha Katiba hata kama si raia: uambiwe kwa nini umeshikwa, unyamaze, uongee na wakili, na upelekwe kortini kabla saa 24 hazijaisha, au siku ya kwanza korti inafunguka kama ni wikendi. Usitie sahihi karatasi yoyote ya kukubali kuondoka nchini bila wakili kuisoma. Bwanako abaki na kopi za kila kitu kwa simu yake, cheti cha ndoa kikiwa cha kwanza, ili aweze kumtumia loya hapo hapo.

Mwisho, ombi lolote likikataliwa, liwe la pasi au la uraia, omba sababu kwa maandishi. Ni haki yako chini ya kifungu cha 47 cha Katiba, na ukishazipata unaweza kwenda Mahakama Kuu pale Milimani. Usiondoke kwa dirisha na jibu la mdomo.